Wasifu Usingoje Msiba

Kila aliyewahi kuzika mzee milimani kwetu Upareni anaujua wasifu wa marehemu. Kwaya imemaliza, mchungaji hajaanza mahubiri, na kijana mmoja wa ukoo anasogea mbele na karatasi iliyokunjwa. Siku hizi mara nyingi ni simu. Marehemu alizaliwa mwaka unaokadiriwa kuwa 1955. Alisoma shule ya msingi. Alikwenda vitani Uganda, akarudi, akajishughulisha na kilimo. Alifunga ndoa, akajaliwa watoto saba. Ameacha mjane, wajukuu na vitukuu. Dakika tatu zimetosha, ratiba inasonga, na wingu linanyemelea kutoka upande wa Shengena.

Ukisikiliza vizuri utaona mahali ambapo maisha yenyewe yamepotelea. "Akarudi, akajishughulisha na kilimo." Maneno manne, miaka zaidi ya arobaini. Ndani ya maneno hayo mna mfongo, yaani mfereji wa maji, uliozibuliwa kila msimu, mna ada za shule zilizotoka kwenye magunia ya tangawizi, mna kesi ya mpaka iliyokwisha kwa suluhu, mna usiku wa kumbeba mtoto mgonjwa gizani kuteremka naye hadi hospitali ya Gonja. Yote hayo yameshuka kaburini pamoja na sanduku, na sisi tuliobaki juu tunaitikia amina.

Kijana aliyesoma hana kosa. Kazi alipewa usiku wa kuamkia mazishi, watu wakiwa wamezunguka moto na sufuria za makande zikiwa jikoni. Akamwuliza shangazi, akapewa mwaka mmoja. Akamwuliza baba mdogo, akapewa mwingine. Kuhusu vita hakuna aliyejua alikuwa kikosi gani wala alifika wapi. Mtu mmoja tu alikuwa na majibu yote, naye ndiye waliyekuwa wakimzika kesho yake.

Ndugu zangu wa Same, wa Mwanga, na ninyi mliotawanyika Dar es Salaam, Arusha, Tanga na nchi za mbali: wito wangu ni mmoja. Tuandike wasifu wa mzee akiwa hai. Aulizwe, ajibu, asomewe, abishe, asahihishe, aongeze. Siku yake ikifika, kijana wa ukoo atasoma maneno ambayo mwenyewe aliyapitisha.

Rika linaloondoka

Kuna rika ambalo kwalo tumeshachelewa. Ni wazee waliokuwa keya, askari wa King's African Rifles (KAR), katika Vita ya Pili ya Dunia. Aliyejiunga akiwa na miaka 18 mwaka 1945, mwaka wa mwisho wa vita, alizaliwa 1927. Piga hesabu mwenyewe. Tanganyika ilitoa askari zaidi ya 80,000 katika vita ile. Walipigana na Waitaliano huko Uhabeshi, wakavuka bahari hadi Madagaska mwaka 1942, kisha wakapelekwa Burma, ambayo wazee waliiita Bama, wakawakabili Wajapani katika bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye matope na malaria. Waliorudi Upareni walirudi kwenye jembe. Kwa nyumba nyingi kilichobaki ni picha moja yenye madoa na medali ndani ya sanduku la bati, na wajukuu hawajui medali ile ilitolewa kwa kazi gani.

Ukirudi nyuma zaidi, hali ni mbaya zaidi. Mei 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliteremka kutoka upande wa Kilimanjaro kufuata reli ya Tanga na Mto Ruvu, yakipita chini kabisa ya milima yetu huku Wajerumani wakirudi nyuma. Kila jeshi lilikuwa na wapagazi wake, watu waliobeba unga, risasi na majeruhi mabegani. Walikufa kwa maelfu, zaidi kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, waliokufa wakiitumikia Uingereza katika Vita ya Kwanza huenda hawakuandikwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi. Lakini radhi haitoi jina ambalo halikuandikwa. Waliokuwa na kalamu hawakuona haja, na waliokuwa na haja hawakuwa na kalamu.

Leo kalamu tunayo. Na kuna rika ambalo bado lipo nasi, limekaa barazani, linanusa ugoro na kulalamikia bei ya mbolea. Ni rika la Vita vya Kagera.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuiteka ardhi yetu ya Kagera hadi mtoni. Mwanzoni mwa Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba tutampiga. Jeshi la Wananchi halikwenda peke yake. Walikwenda polisi, magereza, na mgambo kwa maelfu, vijana waliotolewa mashambani na viwandani, wakafunzwa haraka na kupelekwa mbele. Walipita Mtukula, Masaka, wakapigana Lukaya Machi 1979, na tarehe 11 Aprili Kampala ilikuwa mikononi mwao. Mwezi Juni walikuwa wamefika mpaka wa Sudan. Kisha wengi wakavua magwanda na kurudi walikotoka. Mwalimu aliliomba taifa lifunge mkanda kwa miezi 18. Waliofunga mkanda huo kwa muda mrefu kuliko wote ni pamoja na hao waliotoka kupigana.

Aliyekuwa na miaka 20 siku ile leo anakaribia miaka 70. Wenzake zaidi ya 600 wamelala Kaboya, wilayani Muleba, kwenye makaburi yanayotunzwa na jeshi, na Taifa huwakumbuka kila Julai 25, Siku ya Mashujaa. Waliokufa wana mawe yenye majina. Waliopona wakarudi kulima wana sisi tu.

Jenerali na mgambo

Oktoba 2024 Tanzania ilimpoteza Jenerali David Musuguri akiwa na miaka 104. Alizaliwa Butiama mwaka 1920, akaingia KAR mwaka 1942, akafika Madagaska, akapanda vyeo hadi kuongoza Divisheni ya 20 katika vita vya Uganda, halafu akawa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988. Alipostaafu alirudi kijijini kwake Butiama kuishi na watu wake. Magazeti yalijaa habari zake, viongozi walisimama, na mwanafunzi yeyote anayetaka kumjua atapata pa kuanzia.

Ni haki yake. Lakini jemadari hakuvuka Mtukula peke yake. Nyuma yake kulikuwa na kijana wa Chome, wa Vudee, wa Mtii, wa Hedaru, aliyebeba bunduki na viazi vya kuchoma, akasikia roketi za "saba saba" zikinguruma juu ya kichwa chake usiku kucha. Kijana huyo alirudi bila cheo. Hakuna mwandishi aliyepanda kwake. Jemadari akifa, vitabu vinafunguliwa. Mgambo akifa, tunategemea simu ya mjukuu iliyobakiza asilimia tisa za chaji.

Ninaposema mgambo huyo, sina mtu mmoja kichwani. Nina rika zima. Hebu tuyafuate maisha yake kidogo, tuone jinsi yanavyostahili zaidi ya dakika tatu.

Amezaliwa milimani miaka ya 1950, wakati Tanganyika bado inatawaliwa na Mwingereza. Utotoni amechunga mbuzi kwenye miteremko ambayo watu wa mjini hawawezi kupanda bila kushika miti. Amekwenda msaragambo na baba yake kabla hajajua kusoma: siku ya kutengeneza njia, siku ya kufyeka uwanja wa shule, siku ya kuzoa tope kwenye ndiva. Huko amejifunza hesabu ambayo shule haikumfundisha. Ndiva hujazwa maji usiku, asubuhi hufunguliwa, maji yakaingia kwenye mfongo na kugawanywa kwa zamu; mwenye shamba la juu asipojua haki ya mwenye shamba la chini, hakuna atakayevuna. Same mjini na Makanya mvua ni chache na jua ni kali. Ni maarifa hayo ya kugawana kidogo kilichopo ndiyo yaliyowafanya watu wakae hapa vizazi na vizazi.

Amekwenda vitani. Amerudi. Amekuta duka la kijiji halina sabuni wala sukari, na foleni ya kitenge inaanza alfajiri. Ameoa, pengine kwa mahari iliyolipwa nusu nusu. Amepanda kahawa na migomba, amepeleka kahawa kwenye chama cha msingi, amesubiri malipo ya pili ambayo wakati mwingine yalikuja na wakati mwingine yalikuja habari zake tu. Kahawa ilipoacha kulipa, wa Mamba na Miamba wakageukia tangawizi. Wa tambarare ya Ndungu wakazama kwenye mpunga. Wa Makanya na Hedaru wakahangaika na mkonge, mahindi na mbuzi. Amesomesha. Hapo ndipo fedha yake yote ilipokwenda. Ukienda leo ofisi yoyote kubwa ya nchi hii ukamkuta Msuya, Mbwambo, Mshana, Mgonja au Mmbaga kwenye meza, jua kwamba huko nyuma kuna mzee aliyeuza ng'ombe.

Hayo yote ni wasifu. Hayo yote yana mwaka, mahali, majina ya watu na bei. Na yote yamo kichwani mwa mtu ambaye Jumapili iliyopita ulimpigia simu, ukamwuliza "Shikamoo, mnaendeleaje?" akajibu "Marahaba, hatujambo," mkaishia hapo.

Mfano tunao nyumbani

Kuna atakayesema kuandika habari za wakulima ni kazi ya Wazungu na wasomi. Milima hii yenyewe inakataa. Mwana wa Upare, Profesa Isaria Kimambo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipoandika historia ya Wapare kuanzia mwaka 1500 hivi hadi 1900, iliyochapishwa mwaka 1969, hakuwa na maktaba ya kutegemea. Alikuwa na wazee. Alipanda milima katika miaka ya 1960, akakaa na koo moja baada ya nyingine, akasikiliza, akalinganisha. Wazee wale wote wamekwisha kufa. Walichomwambia kingali kinasomwa.

Kimambo ndiye pia aliyeandika habari za Mbiru. Wakati wa Vita ya Pili, serikali ya kikoloni pamoja na watawala wa jadi walianzisha kodi ya kupanda kadiri ya mali ya mtu, wakaipa jina la ushuru wa zamani, mbiru. Watu hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kukadiriwa mali zao kwa namna isiyo na haki. Januari 1945 wanaume kwa maelfu walishuka kutoka milimani hadi bomani Same, wakapiga kambi hapo, bila kupiga mtu. Mwaka uliofuata wanawake wa Usangi nao waliingia, wakawakabili viongozi uso kwa uso. Hatimaye kodi hiyo ikaondolewa. Kabla TANU haijazaliwa, wakulima wa milima hii walishailazimisha serikali kurudi nyuma kwa kukaa chini tu na kusema hapana.

Sasa fikiria: wakati baba amekaa na wenzake kwenye uwanja wa boma la Same akidai haki, mtoto wake wa kwanza huenda alikuwa Bama na gwanda la mfalme wa serikali hiyohiyo. Watu hao wawili waliporudi nyumbani na kukaa kwenye moto mmoja, walizungumza nini? Hilo hakuna kitabu kinachotuambia. Lingeweza kuandikwa na mjukuu mwenye kauntabuku.

Jirani zetu wa Tanga nao wametuachia somo. Shaaban Robert alimwendea mwimbaji Siti binti Saad uzeeni mwake, akamhoji, akaandika wasifu wake. Miezi michache baada ya mahojiano hayo, mwaka 1950, Siti alifariki. Angengoja msiba, tungebaki na sahani za santuri tu bila sauti ya mwenyewe akieleza alikotoka.

Namna ya kuanza

Usimkalishe mzee na kumwambia, "Tueleze historia yako." Atakujibu kwamba hana historia, yeye ni mkulima tu. Anza na kitu. Toa ile medali, au kadi ya TANU, au stakabadhi ya kahawa iliyobadilika rangi, au cheti cha ubatizo, umwulize hiki ni nini na alikipataje. Au tembea naye. Mwombe akupeleke kwenye ndiva, akuonyeshe mpaka wa shamba la babu yake na mti uliokuwepo. Mtu huyu amefanya kazi kwa mikono maisha yake yote; akishika kitu au akikanyaga mahali, kumbukumbu inamjia.

Usigombane naye juu ya tarehe. Mwulize: ulikuwa mkubwa kiasi gani siku ya Uhuru? Azimio la Arusha lilikukuta wapi? Ule mwaka wa njaa, tulipokula unga wa njano, ulikuwa umeshaoa? Sokoine alipofariki, Aprili 1984, mtoto gani alikuwa mgongoni? Mvua za El Niño ziliubomoa upande gani wa shamba? Kwa maswali hayo utaipata miaka yote bila kumwaibisha.

Andika majina. Majina ya wazazi wake na wazazi wa wazazi, ya waliokwenda naye vitani na ambao hawakurudi, ya mwalimu aliyemfundisha kusoma, ya mwenzake wa zamu ya maji. Kama alikuwa mwanajeshi, andika namba yake ya jeshi, kikosi, na jina la mkuu wake. Hayo si mapambo. Familia nyingi zimehangaika na mirathi, mafao na kesi za mashamba kwa sababu hakuna aliyejua jambo ambalo marehemu angelieleza kwa sentensi moja.

Mwache aseme Chasu, lugha yetu, pale ambapo Kiswahili kinambana. Kuna mambo ya shamba, ya ukoo na ya mshangao ambayo kwa lugha nyingine hayana ladha. Rekodi kwa simu, lakini usiishie kwenye simu. Simu huibiwa, huangukia majini, hubadilishwa. Hamishia kwenye kauntabuku kwa mwandiko unaosomeka. Kisha, na hili ndilo kubwa kuliko yote, rudi umsomee.

Mwite na bibi. Usimfanye shahidi wa pembeni. Babu alipokuwa Uganda, ni nani aliyelima, akapalilia, akalipa ada, akamzika mkwe wake? Nusu ya maisha ya askari imo mikononi mwa mwanamke aliyebaki nyumbani, na mara nyingi kumbukumbu yake ya miaka ni nzuri kuliko ya mumewe. Bibi anastahili kauntabuku yake mwenyewe.

Kuhusu vita, kuwa na adabu. Yapo mambo mzee aliyaona ambayo hatayasema, na yapo atakayoyasema mara moja tu, huku akitazama pembeni. Akinyamaza, nyamaza naye. Usimlazimishe alie ili upate hadithi. Andika tu kwamba hapa hakupenda kuendelea. Kimya hicho nacho ni sehemu ya maisha yake.

"Wazee hutia chumvi"

Pingamizi hilo nalisikia sana, na lina ukweli. Wako wanaoongeza idadi ya maadui, wako wanaopunguza idadi ya nyumba ndogo. Lakini angalia ni wapi uongo unastawi zaidi. Msibani kila mtu ni mtakatifu. Hakuna atakayesimama kando ya kaburi na kusema marehemu alikuwa mkali mno kwa watoto wake, au aliuza shamba la mdogo wake, hata kama kijiji kizima kinajua. Mtu aliye hai anaweza kubishiwa. Bibi atasema, "Hapana baba Fulani, ule mwaka wewe hukuwepo." Mdogo wake atacheka na kutoa habari yake. Kama hawakubaliani, andika yote mawili. Ndiyo maana nasema tuandike sasa: tukitaka kumheshimu mzee kwa ukweli, ni lazima tufanye hivyo wakati bado anaweza kujitetea.

Na wazee wengine, wakipewa nafasi hiyo, husema wenyewe yale tuliyodhani watayaficha. Huomba radhi kwa mtoto ambaye hawakumsomesha. Hutaja deni. Hueleza ni kwa nini ndugu wawili hawasalimiani tangu 1987. Nyumba nyingi zingelala vizuri kama maneno hayo yangesemwa kabla ya msiba badala ya kuzuka kwenye kikao cha kugawa mali.

Watani wetu husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Tunacheka, lakini kuna heshima ndani ya utani huo: sisi ni watu wa kutunza karatasi. Nyumba ngapi za milimani zina hukumu ya mahakama ya mwanzo iliyotunzwa miaka thelathini ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na risiti ya kila shahidi? Basi kama tunaweza kutunza kumbukumbu za kuku, tutashindwaje kutunza kumbukumbu za baba?

Kila mmoja na zamu yake

Kazi hii tuifanye kwa msaragambo. Mtu mmoja hawezi kuzibua mfongo wote, lakini kila mtu akizibua mbele ya shamba lake maji hufika.

Vijana mlio mijini, ninyi mna simu zenye nafasi na mna uwezo wa kuchapa. Msitume fedha za matibabu tu. Tumeni na muda. Mkikosa kupanda, mpigieni mzee simu ndefu ya swali moja kila wiki, mrekodi kwa idhini yake.

Walimu wa Same na Mwanga, somo la Historia ya Tanzania na Maadili limeingia katika mtaala tangu 2024. Mpeni kila mwanafunzi kazi ya kuandika kurasa nne juu ya mzee mmoja wa kijijini kwake. Darasa la watoto hamsini ni wazee hamsini. Kusanyeni, fungeni kwa uzi, wekeni nakala maktaba ya shule.

Wachungaji, mapadre, masheikh na wazee wa kanisa: Upareni dini zote zimezeeka sasa. Waadventista walifika Giti mwaka 1903. Walutheri, Wakatoliki na Waislamu wana vitabu, madaftari, makanisa na misikiti yenye historia ndefu. Ninyi ndio mnaowatembelea wazee wasiotoka tena nyumbani. Msipeleke sala peke yake, pelekeni na mtu wa kuandika. Na mkiweza, tengeni kabati moja ofisini kwa ajili ya nakala za waumini wenu.

Viongozi wa vijiji na halmashauri, Julai 25 isiwe siku ya kutazama televisheni tu. Waiteni waliokwenda Kagera wa kata yenu, muwaketishe mbele, watoto wawaulize maswali. Andikeni orodha ya majina yao, kata kwa kata, kabla haijawa orodha ya makaburi. Na nakala ya kazi nzuri isibaki kijijini peke yake. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zipo kwa ajili hiyo.

Nanyi wazee wetu, shikamooni. Najua mmefundishwa kwamba kujisema ni kujisifu, na mtu mzima hujisemea kwa matendo. Lakini matendo yenu yametuzunguka na hatuyatambui. Hatujui mfongo huu nani aliuchimba, msitu huu nani aliukataza kukatwa, shule hii mawe yake yalibebwa na nani. Msipotuambia tutadhani vilikuwepo siku zote, na kitu unachodhani kilikuwepo siku zote hukitunzi.

Mwisho wa mwaka mabasi yatajaa, na watu wa milima hii watarudi kwao kama kawaida na mchele, mafuta ya kupikia na nguo za watoto. Mkiteremka Same kubadili gari, kabla hamjaanza kupanda kuelekea Mwembe, Mbaga, Suji au Chome, ingieni duka lolote la vifaa vya shule mnunue kauntabuku moja na kalamu mbili. Ukurasa wa kwanza andikeni jina la mzee kamili, la baba yake na la mama yake. Ulizeni, andikeni, kisha msomeeni yote. Pale atakapokukatisha na kusema, "Hapana mwanangu, haikuwa hivyo," shika kalamu ya pili, ufute, uandike upya.